Ukimkuta mheshimiwa sokoni Mwanga

Mbunge au diwani ukimkuta Soko la Mwanga hapa Kigoma anachagua migebuka, kumuuliza swali si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inakupa uhuru wa kutoa maoni. Kosa linaanzia kwenye matusi: kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, na hapo hakuna atakayejali hoja yako ilikuwa nzuri kiasi gani.

Salamu kwanza. Ukiruka shikamoo umeshawapoteza hata waliosimama pembeni. Kisha swali moja tu, lenye mahali na kitu: "Kalavati la mtaa wetu lilisombwa na mvua, fedha za kulijenga zimo kwenye bajeti ya mwaka huu?" Ukisema "mmetutelekeza" atakujibu kwa hotuba. Muulize afuatiliwe nani, ofisi gani, lini, andika palepale.

Kinachoharibu zaidi ni simu. Ukimwelekezea kamera kabla ya salamu, ataongea na kamera, si na wewe. Watu wakianza kuzomea, wasaidizi wanamwondoa, basi. Msibani, hospitalini, au akiwa na watoto wake: mwache. (Kanisani na msikitini pia, kwa maoni yangu, nje ya geti ni suala jingine.)

Ahadi ya sokoni haina kumbukumbu. Ipeleke kwenye mkutano wa mtaa, uhakikishe imeingia kwenye muhtasari.