Niliwakosa Jumatano, Nikawakuta Alhamisi

Picha ya pafini, ndege mdogo wa baharini, ndiyo iliyonitoa Leeds. Ukitafuta habari za majabali ya Bempton, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, utamwona kila mahali, mdomo wake wa rangi ya chungwa na uso wake mweupe wa huzuni. Sikuona mahali palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwishoni mwa mwezi wa pili ndege huyo hayupo, yuko mbali baharini, na harudi nchi kavu mpaka kwenye mwezi wa nne hivi. Dada yangu, ambaye nilikuwa nimefikia kwake, alinitazama nikivaa sweta la tatu akasema, "Mdogo wangu, baridi hii na ndege wapi na wapi?" Nikaenda.

Nilibadilisha treni Hull, nikashuka Bridlington, na treni ya kunisogeza hadi Bempton ilikuwa imeshaondoka. Nikachukua teksi. Kilomita tano au sita, pauni 15! Nilizihesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikamkabidhi dereva, na nikafika ukingoni saa tisa alasiri.

Jabali lenyewe sikulitegemea. Ni ukuta wa chaki mweupe kama nyumba iliyotoka kupakwa chokaa, unashuka karibu mita 100 hadi baharini, na umechimbika vishubaka juu hadi chini, kama ukuta wa jumba la kale la mawe. Upepo ulikuwa unatoka baharini moja kwa moja, na macho yalinitoka machozi kabla sijaona chochote. Nilipoyafuta, nikaona vishubaka vitupu. Fulmari wawili, ndege wa baharini wa kijivu na weupe, walikuwa wanaelea mbele yangu kwa mabawa yaliyokakamaa, na mbali kidogo palikuwa na ganeti wachache, wale ndege wakubwa weupe wa baharini. Basi. Nilitembea ukingoni kutoka kibanda kimoja cha kutazamia hadi kingine kwa saa nzima, nikiamini kwamba wamejificha kwenye kona inayofuata.

Kibanda cha mwisho kilikuwa na mzee mmoja anakunja darubini yake ya miguu mitatu. Nikamuuliza ndege wako wapi.

"Walikuwa hapa asubuhi," akasema. "Maelfu. Gilimoti, wale ndege weusi wenye tumbo jeupe, wakati huu wa mwaka huja alfajiri, na kabla ya saa tano wengi wao wamekwisha kurudi baharini. Kuna siku hawaji kabisa."

Nilihisi nimedhulumiwa, ingawa sikujua nimdai nani. Mzee aliona uso wangu. Akaifungua tena darubini yake, akaielekeza kwa ganeti aliyekuwa karibu, akanipisha. Kichwa cha manjano ya siagi, jicho la buluu iliyopauka, duara nyembamba ya buluu kulizunguka. Akaniambia amekuwa akiyakagua macho ya ganeti tangu homa ya ndege ya mwaka 2022, kwa sababu waliougua wakapona, baadhi yao jicho liligeuka jeusi. Wengi hawakupona. Alisema hivyo akitazama bahari, na sikuongeza swali.

Nilipanga kurudi Leeds jioni hiyo. Nikalala Bridlington, pauni 65 kwa chumba ambacho kipasha joto chake kilizimika saa nne usiku kikaniacha na koti langu kitandani. Alfajiri dereva mwingine akanitoza pauni 18 kwa njia ile ile, eti kwa sababu bado giza.

Nilizilipa zote, na leo ningezilipa tena.

Kwanza ilikuja harufu. Shombo, ile ya kwenye mnada wa samaki, imechanganyika na mbolea. Halafu sauti, mngurumo mzito unaopanda kutoka chini kana kwamba jabali lenyewe linakoroma. Nikafika kwenye uzio, nikainama, na ule ukuta niliouacha mtupu ulikuwa umejaa. Gilimoti bega kwa bega, safu juu ya safu, kanzu nyeupe na koti jeusi kila mmoja, kama waumini waliobanana siku ya Idi mpaka wa mwisho anasimama mlangoni. Aliyetua kwa kuchelewa alipita vichwani mwa wenzake, akadonolewa kila hatua, mpaka akapenya alipopataka. Ganeti walikuwa wanaingia kutoka baharini kwa mabawa ya karibu mita mbili, na kila aliyetua alisalimiana na mwenzake kwa kugonganisha midomo juu, kama watu wanaonoa visu.

Mzee alikuwepo. Nikamuuliza, kama hawatagi sasa, wanafuata nini kwenye mawe haya yenye barafu?

"Wanalinda nafasi," akasema. "Gilimoti hajengi kiota. Yai ni moja, analiweka juu ya jiwe tupu, na sehemu yake ni ndogo kuliko kiti chako. Asipokuja kuishikilia sasa, atakuta mwingine." Kinda lake, akaendelea, likifika kama wiki tatu huruka kutoka huku juu kabla halijajua kuruka sawasawa, na baba yake hulifuata majini akalilea huko.

Akanionyesha mahali ambapo wanaume wa vijiji vya hapa walikuwa wakishuka kwa kamba kukusanya mayai, kazi iliyokoma kwa sheria ya mwaka 1954. Na kabla ya hapo watu walikuja kwa mashua kuwapiga risasi kwa burudani na kwa manyoya ya kofia, mpaka sheria ya ndege wa baharini ya mwaka 1869. Nilitazama zile safu nikafikiri jinsi ilivyo rahisi kulenga kitu kilichosimama hivyo.

Halafu akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, uso ukamchangamka. Kwenye banda lake huzaa mbayuwayu kila kiangazi. Wake huvuka Sahara hadi Afrika Kusini, akasema, lakini je, kwetu wapo? Nikasema wapo, hujaa kwenye nyaya za umeme miezi hii hii. Akauliza huondoka lini. Sikuweza kujibu. Nimekua chini ya nyaya hizo, na sikuwahi kuuliza wanakwenda wapi wala wanarudi lini, na hapa yuko mtu anayewahesabia siku.

Saa nne na dakika chache, bila ishara niliyoiona, safu ya chini ikajimwaga. Kisha ya pili. Kwa dakika kadhaa hewa yote mbele yetu ilikuwa mabawa yanayopiga kwa kasi, wakishuka hadi usawa wa maji na kuelekea mbali. Mngurumo ukapungua, nikaanza kuusikia upepo. Vishubaka vikarudi kuwa kama nilivyovikuta jana.

Nilimpigia mama nikiwa kituoni nasubiri treni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijakuua?"

"Bado. Mama, mbayuwayu wapo kwenye nyaya hapo nje?"

Akanyamaza kidogo. "Mbayuwayu? Ngoja nitoke nitazame."

Nikasikia kandambili zake zikivuka ua, na mlango ukifunguliwa.