Siku Mfuko wa Mama Ulipokosa Njano

Utumbo mwembamba wa mama ulikuwa umejisokota, na walipomfungua walikuta sehemu kubwa imeshakufa. Wakakata, wakakata pamoja na kile kipande cha mwisho kinachokutana na utumbo mpana. Asubuhi daktari wa upasuaji alituita pembeni mimi na dada yangu, akatuambia kuwa mama hatakula kwa mdomo mpaka utumbo uliobaki utakapoonyesha dalili za kufanya kazi. Atalishwa kwa mshipa.

Nilidhani dripu ni dripu. Kumbe hii ya lishe ni kitu kingine kabisa. Mrija uliingilia chini ya mtulinga wa kulia ukaenda mpaka kwenye mshipa mkubwa ulio jirani na moyo, kwa sababu sukari nzito namna ile ingeiunguza mishipa midogo ya mkono. Ndani ya mfuko mlikuwa na sukari, protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa na chumvi za aina kadhaa. Mafuta, meupe pepepe, yalining'inia peke yake pembeni.

Vitamini zilitiwa mwisho, jioni. Muuguzi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima ambaye wodi nzima ilimwita Sista Mkubwa, alipangusa mdomo wa mfuko kwa spiriti, akachoma sindano, akasukuma taratibu. Njano ilishuka ndani ya yale maji kama uzi. Kisha akaugeuzageuza mfuko mpaka maji yote yakawa ya njano, akauvalisha kifuniko cheusi.

"Mbona hamzitii mapema, Sista?" nilimuuliza siku moja.

"Zitaharibika, mwanangu. A inaharibiwa na mwanga, C inaharibiwa na hewa. Nikishazitia, mfuko huu lazima uishe ndani ya saa 24."

Ndiye aliyenieleza kuwa njano ile ni ya vitamini B2, na kwamba ndiyo iliyoufanya mkojo wa mama uwe wa rangi kali vile, nisiogope. Kichupa kimoja kilikuwa na A, D, E, C na kundi zima la B. Mtu anayekula kwa mdomo huokota hivi vyote sahanini bila kujua. Mama hakuwa na pa kuokota ila pale.

Basi ikafika jioni moja sindano haikuja. Vichupa vimekwisha famasia, tukaambiwa, vimeagizwa. Daktari wa wodi alitutuliza: mwili una akiba, hazitaisha leo wala kesho. Kwa baadhi ya vitamini ni kweli. A hukaa kwenye ini kwa miezi, B12 kwa miaka. Mfuko ukaendelea kuja kila siku, maji meupe yasiyo na rangi, na sukari yake ileile.

Mama alianza kwa kichefuchefu. Baadaye akawa anapumua kwa kasi na kwa kina, kifua kikipanda na kushuka kama aliyetoka kukimbia, ilhali amelala. Akaniita kwa jina la marehemu mjomba. Nilipomwambia aangalie kidole changu, macho yake yalikifuata yakitetemeka, yanaruka pembeni na kurudi. Vipimo vikaonyesha damu imejaa asidi. Wakahisi mrija umeingiza vijidudu, wakampa antibiotiki. Wakampa na dawa ya kupunguza asidi. Asidi ikazidi kupanda. Na muda wote huo, tone kwa tone, sukari inaingia.

Usiku akaja daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, binti mdogo kuliko mimi. Alilifungua faili kutoka nyuma kuja mbele, karatasi kwa karatasi, kisha akauvua mfuko kifuniko chake.

"Huu umekuwa mweupe tangu lini?"

Dada yangu alimtajia. Yule binti hakusubiri majibu ya kipimo kingine. Aliagiza B1, miligramu 100, kwenye mshipa, sasa hivi. Wodi ilikuwa nayo kabatini muda wote, maana B1 hukaa pia peke yake, mbali na vile vichupa vya mchanganyiko. Aliisubiri iingie yote akiwa amesimama pale pale.

Ndipo akatueleza. Mwili hauwezi kuichoma sukari mpaka mwisho bila B1. Sukari hukwama njiani ikageuka asidi laktiki, na kadiri unavyomwongezea mgonjwa sukari, ndivyo unavyomwongezea asidi. Akiba ya B1 katika mwili mzima ni miligramu kama 30 tu, na anayelishwa sukari bila vitamini huimaliza kwa wiki chache. Alisema Marekani mwaka 1997 vitamini za mshipa ziliadimika nchi nzima, na wagonjwa watatu waliokuwa wakilishwa hivihivi wakaripotiwa na asidi ya namna hii.

Kabla ya mchana pumzi ya mama ilikuwa imetulia. Asidi ilishuka vipimo viwili mfululizo. Jioni aliniita kwa jina langu. Macho yalichukua muda zaidi kutulia.

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Simlaumu Sista Mkubwa, ambaye kila zamu alikuwa akipiga simu famasia kuuliza vichupa. Hasira yangu ni kwa wazo kwamba vitamini ni nyongeza, kitu cha kutiwa kikipatikana. Kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, hizo miligramu chache ni sehemu ya chakula sawasawa na sukari, na kama hazipo, sukari yenyewe inakuwa hatari. Ninapowaona watu wazima wa afya, wanaokula vizuri, wakilipia dripu za vitamini ili ngozi ing'are, huwa nakereka kwelikweli. Wao wangezipata sahanini.

Vichupa vilipokuja, njano ilirudi mfukoni, na yule daktari akaandika kwa herufi kubwa juu ya faili kwamba lishe isitundikwe bila B1, hata kama mchanganyiko umekosekana. Utumbo wa mama ulijifunza kazi polepole: kwanza vijiko vya maji, kisha uji, mwishowe mrija ukatolewa. Kilichobaki ni B12, kwa sababu kile kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa kikiifyonza. Anachomwa sindano hadi leo. Kila anapokutana na muuguzi mgeni anayemwambia vidonge vya kawaida vinatosha, humweleza alikatwa wapi, kisha anakunja mkono wa gauni.