Breki za Subaru ya turbo huku Tabora: kalipa za Brembo zije mwisho

Mtu akishapata WRX yake, yaani Subaru Impreza ya turbo, baada ya ekzosi anachoulizia ni kalipa za kampuni ya Brembo; kalipa ndiyo kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kabla hujatuma hela Kariakoo, sikiliza kwanza mguu wako. Gari linaloshindwa kusimama huwa na namna tatu za kushindwa, na kila moja ina dawa yake.

Kuna breki inayokuwa laini na kuzama ikishapata moto. Hapo mafuta ya breki yamechemka: mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu unaishia kubana mvuke. Kuna breki inayobaki ngumu kama kawaida lakini gari linateleza tu, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Hizo ni pedi zimevuka joto lake. Halafu kuna usukani unaotetemeka ukikanyaga. Fundi atasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda; pedi imeacha tabaka lisilo sawa juu ya diski, au diski ilifungwa juu ya kutu ya habu, kitovu ambacho diski na rimu hukaa juu yake. Kalipa kubwa haitibu hata kimoja kati ya hivi ikiwa mafuta na pedi ni vilevile.

Tabora ni tambarare, ndiyo maana wengi hujidanganya kuwa breki zao ni nzima. Subiri urudi kutoka Dar na watu wanne na mizigo, ukishuka Sekenke kuelekea Shelui. Gari la kilo 1,400 likiwa spidi 120 linabeba nishati ya kilojuli kama 778. Likiwa spidi 60, kama 194 tu. Spidi mara mbili, joto mara nne, na mlima unaongeza lake. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, hata kama gari ni otomatiki. Hiyo ni bure.

Anza na mafuta, maana ndiyo rahisi kuliko yote. Daraja lake huandikwa DOT kwenye chupa: DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa matumizi ya barabarani DOT 4 inatosha kabisa, ukiibadilisha kila mwaka, na lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima. Usinunue ya kupimiwa kutoka chupa iliyofunguliwa: mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na masika ya huku yanausaidia. DOT 5, ile isiyo na nukta moja, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi nyingine, na usiiweke kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga.

Pedi ndizo zinazostahili hela yako. Pembeni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili: ya kwanza ni msuguano wa joto la kawaida, ya pili ni wa joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Tafuta FF au zaidi. FE maana yake zikipata moto zinalegea, na huo ndio wakati unaozihitaji. Herufi hazisemi kila kitu, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote irudishe dukani. Angalia pia sehemu ya msuguano iliposhikana na bati: ukiona ufa au mwanya, siku moja itabanduka. Pedi za mashindano usizitake. Zikiwa baridi haziumi, na barabara ya Nzega ng'ombe hawakungoji upashe breki moto.

Mipira ya kupitishia mafuta ya breki iliyofumwa kwa waya wa chuma inafanya breki ijibu haraka, hasa kama ya zamani imeanza kuvimba. Chukua yenye ganda la plastiki juu, la sivyo vumbi la Kaliua litaingia kati ya waya na kusaga bomba la ndani taratibu. Diski za matobo ni pambo. Nyufa huanzia kwenye matobo. Diski ya kawaida yenye njia za hewa katikati, iliyo juu ya unene wa mwisho uliochongwa juu yake, inafanya kazi vizuri.

Sasa kalipa. WRX nyingi za Japani za 2001 hadi 2007 zilitoka na kalipa za pistoni nne mbele, na diski za milimita 294. Kama una Impreza au Forester yenye diski za 277, seti hii ndiyo chaguo la busara: inaingia kwenye nako ileile (chuma kinachoshika habu na kalipa), inakaa ndani ya rimu nyingi za inchi 16, na diski pekee inakuongezea mkono wa nguvu kama asilimia 6. Brembo za STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, zenye diski za 326 zinadai rimu za inchi 17, na si kila 17; zipo ambazo spoku zinagusa kalipa. Kata kadibodi kwa umbo la kalipa upime kabla ya kulipa. Pia tairi la inchi 17 lenye ukuta mfupi kwenye mashimo ya changarawe linakukatia rimu. Nyuma kazi ni zaidi, kwa kuwa dramu ya breki ya mkono ina vipimo viwili, 170 na 190, na lazima ilingane na diski.

Ukinunua kalipa za mtumba, vuta mpira wa vumbi wa kila pistoni. Umechanika? Weka bei ya seti ya mipira hiyo kwenye hesabu. Kalipa halisi za mashindano mara nyingi hazina mpira huo kabisa. Kwa barabara zetu hiyo ni hasara ya wazi. Usikubali pia kuongeza mbele tu bila kufikiria nyuma: magurudumu ya mbele yakijifunga mapema, gari linachukua mita nyingi zaidi kusimama.

Kosa linalorudiwa gereji ni kufunga kalipa ya kulia upande wa kushoto. Nati ya kutolea upepo inakuwa chini, upepo unabaki juu, na utamaliza chupa tatu za mafuta breki ikiwa bado laini. Nati iwe juu, daima. Kwenye Subaru nyingi za rika hilo toa upepo mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Anayekanyaga asizamishe hadi chini kwenye masta ya zamani, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga. Weka kipande cha ubao chini ya pedali, maana sehemu ya silinda isiyotumika ina kutu inayokata sili.

Piga brashi ya waya habu kabla ya kuvalisha diski. Ukimaliza, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone mpira wa mafuta ya breki haugusi tairi wala haujajisokota.

Kisha zizoeshe pedi. Asubuhi mapema, lami ikiwa tupu na mbali na vijiji, punguza kutoka 80 hadi 20 mara nane au kumi kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Ukisimama na mguu juu ya breki wakati diski ni za moto, pedi itaacha alama pale pale, na mtetemo uliokuwa unaukimbia utaurudisha mwenyewe. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za rimu kwa mpangilio wa msalaba, na angalia kiwango cha mafuta kwenye kopo.