Jinsi nilivyoacha kukosea maswali ya hewa inayopanda

Muhula wa kwanza wa somo la hali ya hewa nilikosa karibu kila swali la hewa inayopanda. Kanuni nilizikariri zote, ila kichwani niliamini hewa hupoa kwa sababu huko juu kuna baridi. Kumbe sivyo. Mgandamizo unapungua, hewa inatanuka, na kule kutanuka kunakula nishati yake yenyewe.

Kilichonitoa hapo ni karatasi ya grafu. Niliweka nyuzijoto chini na kimo pembeni, nikaifuata hewa moja tu kutoka ardhini: nyuzi 30, nukta ya umande (nyuzijoto ambayo mvuke huanza kugeuka matone) 22. Kabla haijashiba mvuke, hupoteza takriban nyuzi 9.8 kila kilomita. Nukta ya umande nayo hushuka, lakini kama nyuzi 1.8 tu. Mistari ikakutana kwenye mita 1,000 hivi, ndipo kitako cha wingu. (Njia ya mkato: zidisha tofauti ya nyuzi hizo mbili za ardhini kwa 125, upate mita.)

Kuanzia hapo nilikuwa naendelea na 9.8 ileile, na hilo ndilo lililoniangusha. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto, basi hewa yenye uvuguvugu kama ile hupoa nyuzi 4 au 5 tu kwa kilomita. Nikaongeza mstari mwekundu wa hewa jirani: yangu ikiwa na joto zaidi, inazidi kupanda.

Maswali ya mawingu ya ngurumo nikayamaliza jioni moja. La upepo unaoteremka mlimani lilidai mchoro wake.