Mangwe ndiyo iliyonipatia majike

Jirani yangu mmoja, mfugaji wa vipepeo wa siku nyingi, alinishauri nitege Charaxes, wale vipepeo wakubwa wa msituni, kwa kinyesi. "Weka mavi ya mbwa mtegoni, kaka, watajaa wenyewe." Na kweli wakajaa! Nikawahamishia kwenye kibanda cha chandarua chenye miche ya mnwamaji, mti ambao viwavi wao hula majani yake, nikangoja mayai. Nikapekua jani moja moja mpaka mke wangu akauliza kama nimepoteza pete. Yai hata la dawa. Wote walikuwa madume! Madume ndio wanaonyonya mavi na tope wakitafuta chumvi; majike wanapenda matunda yaliyooza. Na jirani alijua, naapa.

Nikabuni changu. Ndizi zilizoiva zikapita kiasi, nikaziponda, nikamiminia mangwe, ule mnazi uliolala ukawa mkali, nikafunika ndoo juani siku kadhaa. Harufu iliwaita walevi wa mtaa mzima kabla ya kipepeo yeyote. Lakini mtego ulipoanikwa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa pwani ya Kenya (kibali muhimu, usiingie kienyeji), majike walikunywa wakalewa, nikawa nawatoa kwa vidole tu.

Nachukua majike wachache, wengine nawaachia warudi msituni. Wakishataga, viwavi wanalelewa nyumbani kwa majani niliyootesha mwenyewe. Kibanda hakikunigharimu sana: chandarua kuukuu, fito, misumari ya shilingi mia mbili tatu hivi. Miguu ya meza ya viwavi isimamishe kwenye mikebe ya oili chafu, la sivyo sisimizi watakufilisi usiku mmoja.

Pupa, yaani viwavi waliojifunga wakingoja kugeuka vipepeo, nawauzia Mradi wa Kipepeo hapa Gede, nao wanawasafirisha kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Wapeleke mapema, kwa sababu pupa hawajui kungoja ndege, wakati ukifika wanageuka vipepeo. Mradi ulipoanza 1993, baba yangu alikuwa miongoni mwa waliotaka msitu ukatwe tulime, ndovu wametumalizia mahindi. Siku hizi akisikia shoka huko, anatoka na bakora. Karo ya wajukuu anajua inatoka wapi.

Asiye na subira aanze na vipepeo wa mdimu. Hawalipi sana, ila wanataga bila kubembelezwa. Kiwavi ukimgusa anatoa pembe za rangi ya machungwa zenye harufu mbaya, usishtuke ukamwangusha. Na anayefagia kibandani aambiwe mapema: viwavi wale wachanga huwezi kuwatofautisha na mavi ya ndege. Kwangu walishafagiwa.