Watoto wa kwenye kioo cha duka la sarafu

Kuna kiduka huku mjini, nyuma nyuma ya barabara ya Samora, Dar, kinauza sarafu na stempu za zamani, basi ukipita mida shule zinatoka utakuta watoto wamejazana pale nje, mabegi mgongoni, pua zimegandia kioo kabisa. Sisi wakubwa tunapita tu, kila mtu na haraka zake.

Jana nikasimama nao. Walikuwa wanataja wanyama wa zile sarafu za 1966, senti tano samaki, senti ishirini mbuni, thumni, yaani senti hamsini, sungura, upande wa pili Mwalimu bado kijana. Kukazuka ubishi, kadogo kamoja kanauliza iweje sungura amzidi hela mbuni wakati mbuni anaweza kumkanyaga? Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi nikiwemo.

Stempu hawana habari nazo, ila moja imeandikwa Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, wakadhani zilikuwa nchi moja, nikawaambia hapana, posta ndo ilikuwa moja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika 1977.

Sasa mmoja akaingia ndani. "Shikamoo babu, nimeleta hii ya bibi." Senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimezunguka tundu, inang'aa hiyo! Kumbe ameisugua kwa majivu na ndimu ili ipande bei, mzee wa watu akashika kichwa jamani, akamwambia mwanangu umeichuna ngozi, wanunuzi wanaitaka na weusi wake ule ule wa uzee, ukiing'arisha thamani inashuka. Dogo hakuamini kabisa, na kusema kweli hata mimi ningeisugua, nani angejua uchafu una bei? (Kama mnazo kwenye makopo ya nyumbani ziacheni hivyo hivyo, msiziguse na dawa ya meno.)

Mi naona yule mzee angeweka bakuli mlangoni la zile za bei chee wazishike tu, maana hao ndo wateja wake wa kesho, ila mlinzi kila saa anawafukuza eti wanachafua kioo.

Kale kadogo nako kakatoa mia mbili yake ya simba. "Babu, hii utaninunulia shi ngapi?"

"Mia mbili."

"Aaah, bora nimpe konda!" Hao wakatimka kwenda kugombania daladala.