Nilifurahi Sauti Zilipopasuka

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naanza kwa kujianika. Jumapili iliyopita kijana aliyekabidhiwa kwaya baada yangu aliuanzisha wimbo juu mno. Ubeti wa kwanza ulipita kwa taabu. Wa pili, akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kutazamana. Wa tatu sauti zikapasuka, kinanda kikabaki kinakwenda peke yake. Na mimi, niliyekuwa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, nikasikia utamu moyoni. Ndiyo, utamu. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, kumbe naficha tabasamu.

Tabasamu lile nimetembea nalo wiki nzima kama kokoto kiatuni.

Jumatatu nikaenda nalo kazini. Tuko ghala moja nje kidogo ya Atlanta, na hapa Georgia hata ligi ikiwa imelala, saa ya chakula watu huzungumza mpira wao, huu wa Kimarekani ambao mguu unaugusa mara chache sana (jina walilitoa wapi, sijui). Miaka ya mwanzo nilikuwa nakaa nao nikitafuna tu. Siku hizi naelewa. Kuna mzee mmoja wa Alabama, dereva wa foklifti, na vijana wawili wa Georgia wasioacha kumchokoza. Siku hiyo walikuwa wakikumbushana mechi za Jalen Hurts enzi zake za chuo.

Hurts alikuwa kotabeki, yaani yule anayepokea mpira kila mchezo unapoanza na kuamua autupe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Timu nzima iko mikononi mwake. Alitoka Channelview, Texas, baba yake akiwa kocha wa shule, akaingia chuo kikuu cha Alabama mwaka 2016 na kupewa nafasi hiyo akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mzee wa foklifti akaanza na fainali ya vyuo ya Januari 2017 dhidi ya Clemson: kijana alikimbia yadi 30 na kuiweka Alabama mbele 31 kwa 28 zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde chache, kisha Clemson wakafunga ikibaki sekunde moja. 35 kwa 31. Mzee alisimulia kama msiba wa jana. Kijana mmoja akaruka hadi mwaka 2019, Hurts akiwa amehamia Oklahoma, walipokuwa nyuma 28 kwa 3 ugenini kwa Baylor na bado wakashinda 34 kwa 31. Lakini wote watatu waliishia pale wanapoishia siku zote, kwenye uwanja ule ule wa hapa Atlanta, mechi mbili, mpinzani mmoja.

Ya kwanza ni ya tarehe 8 Januari 2018, fainali ya taifa, Alabama na Georgia. Hadi mapumziko Georgia 13, Alabama 0. Kocha Nick Saban akamweka Hurts benchi. Fikirini: katika mechi zote 28 alizoanza Alabama, huyu kijana alipoteza 2 tu, halafu anawekwa benchi mbele ya nchi nzima. Akaingizwa Tua Tagovailoa, mtoto wa Hawaii, mwaka wa kwanza. Wakasawazisha, 20 kwa 20. Kwenye muda wa nyongeza Georgia wakapata 3. Tua akaangushwa, timu ikarudi nyuma yadi 16. Mchezo uliofuata akatupa yadi 41 hadi mikononi mwa DeVonta Smith, na mambo yakaisha hapo, 26 kwa 23.

Ya pili ni ya tarehe 1 Desemba mwaka ule ule, ubingwa wa ukanda wao wa kusini-mashariki. Sasa Tua ndiye mwenye nafasi, Hurts ndiye wa kusubiri. Robo ya nne Tua akaumia kifundo cha mguu, Alabama wako nyuma 28 kwa 21. Akaingia Hurts. Akamrushia Jerry Jeudy ikawa sare, kisha kwenye dakika za mwisho akakimbia yadi 15 mwenyewe. 35 kwa 28. Mzee akapiga meza, wale vijana wakaguna, kengele ikalia, tukarudi kazini.

Wahubiri wengi wangeichukua hiyo Desemba. Vumilia, Mungu atakurudisha uwanjani, waliokucheka watakuona. Nimehubiri hivyo mimi mwenyewe, na mkasema amina.

Mimi wiki hii nimekwama Januari. Nilirudi nyumbani nikatafuta picha za usiku ule. Mpira umetua kwa Smith, na Hurts yuko pale pembeni mwa uwanja anashangilia, anamkumbatia aliyechukua nafasi yake. Hakuijua Desemba. Hakuna aliyemnong'oneza kwamba miezi kumi na moja mbele mlango utafunguka. Alikuwa akimpongeza mtu aliyemtoa yeye, basi. Nikaizima simu, nikakaa gizani sebuleni mpaka mama watoto akauliza kama naumwa.

Mnamjua Sauli. Akina mama waliimba elfu na makumi elfu, na tangu siku ile jicho lake halikumtoka Daudi. Sina haja ya kumweleza zaidi, tunafanana.

Ninayetaka tumtazame ni Yonathani, mwana wa huyo huyo Sauli. Kiti kilikuwa chake. Hakuna mtu Israeli aliyekuwa na haki ya kununa kuliko yeye. Lakini alivua joho lake akampa Daudi, na upanga, na upinde, na mshipi. Wapendwa, kumpigia mtu makofi ni rahisi, mikono inabaki na vitu vyake. Yonathani alitoa vifaa vya kazi! Upanga ambao bila huo yeye mwenyewe anabaki mtupu vitani. Na tena alipomfuata Daudi msituni alimwambia, wewe utakuwa mfalme, na mimi nitakuwa wa pili wako. Hata huo upili hakuupata. Alianguka Gilboa. Yonathani hakuwa na Desemba, ndugu zangu. Hakuitwa tena uwanjani, na bado hatusomi popote kwamba alidai joho lirudi.

Kwa hiyo naomba nikukemee kidogo, wewe na mimi pamoja. Wewe uliyetolewa ushemasi ukaacha kuja ibada ya katikati ya wiki. Wewe dada ambaye tangu kamati ya akina mama ipate mwenyekiti mpya, kila Jumamosi una dharura. Wewe uliyejitoa kwenye kundi la simu usiku wa manane, kisha ukasema "nimemwachia Mungu". Hukumwachia Mungu, umenuna! Kununa kuna lugha ya kiroho siku hizi: "niko kwenye msimu wa mapumziko", "Bwana ananiita pembeni". Bwana amekuita lini? Aliyekuita pembeni ni kiburi chako, na nakifahamu kwa sababu kinalala kwangu.

Nilitaka kusema pia habari za Barnaba, lakini nafasi haitoshi, na kuna jambo naliahirisha tangu nianze kuandika.

Ninalo daftari. Jalada gumu la buluu, nimelianza nikiwa bado nyumbani Mwanza, limesafiri nami mpaka huku. Kila wimbo wetu umo kwa noti za sol-fa, na juu ya kila wimbo nimeandika ufunguo wake, yaani do yake iko wapi, ili usiuanzishe juu mno wala chini mno. Wazee walipoikabidhi kwaya kwa yule kijana nilimpa sare za akiba na funguo za kabati. Daftari sikumpa. Hakuliomba kwa sababu hakujua kama lipo. Ndiyo maana Jumapili alianzisha wimbo kwa kubahatisha, akaenda juu, akina mama wakaaibika mbele ya wageni, na mwenye daftari akafurahi kiti cha nyuma.

Jumatano kijana alinitumia ujumbe. "Shikamoo mwalimu. Ule wimbo wa Jumapili, do yake ni ipi?" Hata lawama hakuna. Nimekaa na ujumbe huo siku mbili bila kujibu.

Usiku huu nimemjibu. Marahaba mwanangu, do ni F, nami nakuletea daftari Jumamosi kwenye mazoezi, saa nne. Ameniuliza kama nitakaa niimbe besi, maana upande ule wamebaki wawili. Nimesema nitakaa.

Niombeeni mpaka Jumamosi. Daftari liko mezani hapa mbele yangu, na kwenye kurasa za mwisho kuna nyimbo mbili nilizotunga mwenyewe, hazijawahi kuimbwa popote. Mara mbili leo mkono umekwenda kuzichana.